Kutoka Mto wa Mbu hadi Eyasi

Makuyuni tuliiacha barabara ya Dodoma tukakata kulia. Noah ilikuwa imejaa, nami nilibanwa dirishani na mama mmoja aliyepakata ndoo ya samli. Kabla hatujafika mbali nilikuwa nimemsikia akisema lugha tatu. Alimuuliza kondakta kwa Kimaasai kama mzigo wake wa juu umefungwa vizuri. Simu ilipolia aliitikia kwa Kirangi. Kisha akanigeukia kwa Kiswahili: "Dada, unashukia wapi?"

Nilimwambia naenda Karatu, na kutoka huko nitateremka hadi Ziwa Eyasi. Yeye anashukia Mto wa Mbu. Mama yake ni Mrangi wa Kondoa, mume wake Mmaasai, na shamba lake la migomba limepakana na la Mchaga upande mmoja na la Mmbugwe upande wa pili. Nikamuuliza watoto wake ni kabila gani.

"Wa baba yao," akasema. "Lakini shuleni hawaulizwi. Wanaulizwa jina la baba na kijiji."

Ni kweli, na ni jambo tulilolizoea mno hata tumeacha kuliona. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho nchini Tanzania kumuuliza mtu kabila lake. Makabila tunayasema ni zaidi ya 120. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliochora atlasi ya lugha zetu mwaka 2009 waliorodhesha lugha zaidi ya 150. Nchi yenye wingi huo ingeweza kuvunjika vipande, na haikuvunjika. Nilisafiri ili nione tena, kwa macho ya mwalimu aliyestaafu, shule ilifanya nini katika kutuunganisha, na ilichukua nini mikononi mwetu ilipokuwa ikifanya hivyo.

Mto wa Mbu ni mji uliolala chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kwenye maji. Mifereji ya umwagiliaji ilipopanuliwa katika miaka ya 1950, watu walimiminika kutoka kila upande, na wenyeji husema hakuna kabila la Tanzania lisilo na mtu wake hapa. Nilishuka kunyoosha miguu. Sokoni kulikuwa na ndizi nyekundu, vinyago vya Wamakonde, mbege kwenye madumu, na wanawake wa Kimaasai waliotandika shanga chini. Nyuma ya soko wasichana wa shule walikuwa wakicheza rede wakati wa mapumziko. Nilisimama kwenye ua nikasikiliza. Kiswahili kitupu, cha haraka, chenye ubishi na vicheko, na hakuna aliyesita kutafuta neno. Kwa watoto hawa Kiswahili si lugha ya kujifunza. Wamezaliwa ndani yake.

Mimi sikuzaliwa ndani yake. Nilianza darasa la kwanza mwaka 1975, katika kijiji cha Kwimba ambako kila mtu, kuanzia mwenyekiti hadi mchungaji wa ng'ombe, alikuwa Msukuma. Siku ya tatu nilishikwa na kiu, nikanyoosha mkono nikasema "minzi". Ndilo neno nililokuwa nalo la maji. Mwalimu, ambaye naye alikuwa Msukuma na alielewa vizuri nilichotaka, alinivisha kibao shingoni. Nilikaa nacho mpaka nilipomsikia mwenzangu akisema neno la nyumbani, ndipo kikahamia kwake. Hivyo ndivyo kilivyozunguka darasani: kila mtoto akiwa askari wa mwenzake. Sikupata maji hadi kengele ya mchana.

Sitaji shule ile. Zilikuwa nyingi, na walimu wale walifanya walichoamini. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikuwa limeagiza kila mtoto asome, vijiji vilikuwa vikifungua madarasa chini ya miembe, na Kiswahili kilikuwa ndicho chombo pekee cha kumfikia kila mmoja. Naeleza kwa sababu koo langu lilikauka siku ile, na bado nalikumbuka.

Upande wa pili wa mizani ni Songea. Januari 1982 nilichaguliwa kidato cha kwanza mkoani Ruvuma. Msichana wa Kwimba, hajawahi kuvuka Mwanza, akapewa waranti ya serikali ya kupandia treni. Nilipanda Mantare usiku, nikashuka Dodoma, nikapanda basi la Iringa, kisha Njombe, kisha Songea. Siku nne njiani. Bwenini nilipangiwa kitanda kati ya Mmakonde kutoka Newala na Mhaya kutoka Muleba. Wasichana wa Kingoni, waliposikia mimi ni Msukuma, walinipokea kama mtani wao, kwani kwao Msukuma na Mnyamwezi ni kitu kimoja, na utani wa Wanyamwezi na Wangoni umetokana na vita vya karne ya 19. Wiki ya kwanza walinichukulia shuka langu wakasema ni fidia ya ng'ombe. Nilicheka hadi nikalia, na nyumbani kukawa mbali kidogo tu. Hakuna kitabu cha uraia kilichonifundisha nchi hii kama bweni lile. Baada ya kidato cha sita, mwaka mmoja wa Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria ukakamilisha kazi.

Mpango ule ulikuwa wa makusudi. Shule za misheni zilitaifishwa, mgawo wa nafasi uliangalia mikoa, na mwanafunzi alipelekwa mbali na kwao ili arudi akiwa na marafiki wasiofanana naye. Leo umebaki nusu. JKT ya lazima ilisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita. Kwa sekondari za kawaida, shule za kata zilizojengwa kwa kasi kuanzia mwaka 2004 zimewaingiza darasani mamia ya maelfu ya vijana ambao zamani wangeishia darasa la saba, na hilo ni jema kubwa. Ila kijana wa kata ile ile husoma na majirani zake wale wale kuanzia chekechea hadi kidato cha nne. Mtoto wa Mto wa Mbu hapotezi kitu, kwa sababu kata yake ni Tanzania nzima. Wa Kwimba anapoteza Songea.

Karatu nililala usiku mmoja. Baridi, udongo mwekundu, mashamba ya ngano na shayiri kwenye miteremko. Wenyeji wengi ni Wairaqw, ambao vitabu vya zamani viliwaita Wambulu, na asubuhi mwenye nyumba ya wageni alinisalimu "Saita". Kanisani Jumapili Wairaqw husoma Agano Jipya kwa lugha yao, kama sisi Wasukuma tunavyosoma Biblia kwa yetu. Jumatatu, mita mia chache kutoka hapo, lugha hiyo haina ruhusa ya kuingia darasani. Watu wengi wenye lugha kubwa wamejifunza kuishi hivyo: Mungu kwa lugha ya mama, hesabu kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande hadi sekondari. Pendekezo halikutekelezwa, na hadithi yake inataka makala nyingine.

Barabara ya kushuka Mang'ola ilikuwa vumbi tupu. Kadiri gari lilivyoteremka ndivyo joto lilivyopanda, mpaka tukaona ziwa: weupe wa magadi mbali, na kando yake ukanda wa kijani usioaminika. Ni vitunguu. Maji ya chemchemi yameligeuza eneo hili kuwa moja ya masoko makubwa ya vitunguu nchini, na malori huja hadi kutoka Kenya.

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Mang'ola na nyanda za jirani za Mbulu na Kondoa ni mahali ambapo makundi yote makubwa ya lugha za Afrika yanakutana. Wairaqw ni Wakushi. Wadatoga, wafugaji na wahunzi, ni Waniloti. Wanyiramba na Wanyisanzu ni Wabantu, kama mimi. Wahadzabe, wawindaji na waokota asali, husema lugha ya kugonga ulimi ambayo wataalamu hawajaipatia ndugu yeyote aliye hakika. Wao ni kama watu elfu moja na kitu tu. Ukikaa kwenye gogo sokoni Mang'ola unasikia sauti za bara zima. Nasikitika kwamba watoto wetu wanafundishwa majina ya milima ya Ulaya na hakuna anayewaambia hazina hii iko kwao.

Shule niliyoitembelea ina bweni kwa ajili ya watoto wa mbali, wengi wao Wahadzabe na Wadatoga. Mwalimu wa darasa la kwanza ni kijana wa Kinyakyusa aliyepangiwa huku akitokea chuoni. Watoto 74. Waliimba salamu, wakaketi wanne kwenye dawati la watatu, na somo la kusoma likaanza. Mwalimu akabandika picha ya mwanamke aliyebeba kuni. "Huyu ni nani?"

"Ma-maa!" Darasa likatetemeka.

Nyuma, karibu na mlango, wavulana wawili hawakufungua kinywa. Hawakuwa watukutu wala wagonjwa. Walikuwa wakitazama midomo ya wenzao.

"Hao ni Wahadzabe," mwalimu aliniambia wakati wa uji. "Mwaka wangu wa kwanza niliandika kwenye ripoti kwamba uwezo wao ni mdogo. Mama, niliandika hivyo kwa mkono wangu." Alinyamaza kidogo. "Halafu siku moja tulikwenda kukata fito. Mmoja wao akapiga mluzi, ndege akajibu. Akamfuata yule ndege kutoka mti hadi mti mpaka kwenye asali. Alinionyesha miti, mmoja mmoja, huu wa sumu, huu wa tumbo, huu wa upinde. Nikajiuliza, hivi mwenye uwezo mdogo hapa ni nani?"

Ndege huyo ni mlembe. Ushirikiano wake na Wahadzabe umeandikwa na wanasayansi wa nchi za mbali. Katika mtaala wa sayansi wa shule iliyo kilomita chache kutoka kwenye miti hiyo, hayumo.

Mwalimu akanionyesha daftari lake. Kila ukurasa una safu mbili: Kiswahili upande mmoja, Kihadzabe upande wa pili, kwa herufi za Kiswahili na alama alizojibunia mwenyewe kwa ajili ya sauti za ulimi. Nyota kwa sauti moja, msalaba kwa nyingine. Maneno yapatayo 200: maji, njaa, naumwa, nataka kwenda nje, usiogope. Hakuna aliyemtuma. Anayemfundisha ni msichana wa Kihadzabe wa darasa la sita, ambaye asubuhi, kabla ya kengele, huketi na watoto wapya na kuwaeleza kwa lugha yao siku itakwendaje.

Nilizungumza na msichana huyo chini ya mgunga. Alinipa shikamoo, nikaitikia, kisha nikajaribu salamu niliyofundishwa asubuhi ile: "Mtana." Uso ukamfunguka. Nikamuuliza yeye alijifunzaje Kiswahili, maana hakuwa na wa kumtafsiria.

"Nilinyamaza," akasema.

"Kwa muda gani?"

"Mpaka mvua zikaja tena."

Mwaka mzima. Alikuwa na miaka minane, alihudhuria kila siku, na kwa mwaka mzima shule haikusikia sauti yake. Alisema wenzake wanne walioanza naye walitoroka msimu wa asali na hawakurudi. Vitabu vya mahudhurio vina neno moja kwa watoto hao: watoro.

Jioni mwalimu alinipeleka kambini kwa familia mbili za Kihadzabe. Katika mazungumzo niliwataja kwa jina nililolisoma utotoni, Watindiga. Mzee aliyekuwa akinyoosha mshale juu ya moto akainua macho. "Hilo ni jina mlilotupa nyinyi," akasema kwa Kiswahili cha taratibu. "Sisi ni Wahadzabe." Niliomba radhi, naye akapokea. Wadatoga nao wana jina la kubandikwa, Wamang'ati, lililotoka kwa Wamaasai, na maana yake ni maadui. Mtoto wa Kidatoga huitwa adui uwanjani, mbele ya mwalimu wa zamu, na hakuna anayevishwa kibao kwa hilo.

Mzee hakuipinga shule. Anataka wajukuu wasome ili wasidanganywe kwenye karatasi. Anajua thamani ya karatasi: mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya ardhi yao, zaidi ya hekta 20,000, baada ya miaka mingi ya kusukumwa na mashamba na mifugo. Pia anakumbuka hadithi za wazazi wake, serikali ilipowakusanya katika miaka ya 1960 waishi kijijini Yaeda Chini na kulima, magonjwa yakawapata, na wengi wakarudi porini. Alichotaka kwangu kilikuwa kidogo. "Mtoto akienda shule miaka saba, akirudi hajui kuniuliza kitu. Nikimwambia jina la mti, anacheka. Nani amemfundisha kucheka?"

Swali hilo nililibeba hadi Karatu, hadi Arusha, na ninalo hapa ninapoandika.

Najua hofu iliyopo upande wa pili, na siidharau. Waliojenga nchi hii waliwaona majirani wakigawanyika kwa kabila, na waliamini kwamba lugha moja darasani ndiyo kinga. Kenya, tuliyopakana nayo, sera yake huruhusu lugha ya eneo katika madarasa ya mwanzo, na mwanzoni mwa mwaka 2008 tuliona moto wa kikabila huko. Lakini moto ule haukuwashwa na mtoto wa darasa la kwanza aliyefundishwa kuhesabu kwa lugha ya mama yake. Uliwashwa na ardhi, kura na wanasiasa. Sisi tumeyachanganya mambo mawili: kuukataa ukabila na kuzikataa lugha za makabila. Sera yetu ya Utamaduni ya mwaka 1997 inazitaja lugha hizo kama hazina ya kujivunia. Hazina gani hii ambayo mtoto huadhibiwa akikutwa nayo?

Mwalimu Nyerere mwenyewe alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka 12, akitoka kwenye Kizanaki. Zanaki ni kabila dogo. Naamini hakuna aliyejua kuliko yeye jinsi mtoto anavyohisi anapoketi mbele ya lugha ya ugenini, na pia jinsi lugha hiyo inavyoweza kumpeleka mbali akiivuka salama. Ninachokitaka ni kivuko. Kiswahili kibaki kuwa lugha ya kufundishia, bila mjadala. Nakipenda, kimenilisha, na ndicho ninachoandikia hapa. Lakini katika awali na miaka miwili ya kwanza, pale ambapo mtoto hakijui, awepo mtu mmoja darasani anayejua kusema "usiogope" kwa lugha ya mtoto huyo.

Kivuko hicho hakidai mabilioni. Fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021 zilijenga madarasa 15,000, na 3,000 kati ya hayo yalikuwa kwenye vituo shikizi, karibu na watoto wa mbali kama hawa. Kuta zipo. Sera ya elimu ya toleo la 2023 imefanya elimu ya lazima kuwa miaka 10. Ikiwa tunamlazimisha mtoto wa Kihadzabe kukaa miaka 10, haki yake ya kwanza ni kuelewa siku ya kwanza.

Kwa hiyo nawaomba wanaopanga walimu. Mwalimu akipangiwa Mang'ola, Yaeda, Kondoa au Ngorongoro, mpeni muhula mmoja wa kujifunza salamu, maneno 200 na majina sahihi ya watu atakaowafundisha. Kusanyeni madaftari kama la yule kijana wa Kinyakyusa na muyachape. Rudisheni nafasi za bweni za mbali, japo chache kwa kila kata, ili mtoto wa Kwimba aione Songea na mtoto wa Songea aione Eyasi. Mwekeeni nafasi katika chuo cha ualimu yule msichana wa darasa la sita. Nilipomuuliza anataka kuwa nani, alijibu kabla sijamaliza swali: mwalimu, wa darasa la kwanza, pale pale.

Tulipoachana, wale wavulana wawili walikuwa wameketi naye kwenye kivuli cha mgunga. Alishika jiwe, akasema neno kwa Kihadzabe, kisha akalisema kwa Kiswahili. Mmoja wao alilirudia kwa sauti. Mwalimu wake alikuwa bado hajamsikia akisema neno la Kiswahili tangu Januari. Ilikuwa mwezi wa saba.